Injini ya Mjomba Ndani ya Chura

Koskenperä, 15 Februari 1987

Mjomba Taisto,

Salamu zangu zikukute mzima huko Borås. Sisi huku hatujambo, ila baridi imetukaba koo. Jana asubuhi kipimajoto kilisoma nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri, na mama anasema hata ng'ombe wanatoa maziwa kwa kusitasita. Dada yako huyo anakusalimu sana, anakuletea mikate miwili myeusi na soksi alizofuma mwenyewe. Anasema usizivae kazini, zitaingia grisi. Babu hajambo. Babu ni Babu.

Sasa kaa chini, Mjomba. Mwaka juzi ulimwandikia mama kwamba kilichomo ghalani ni changu nikikitaka. Nimekitaka! Nimeitoa injini ya gari lako jeusi, nimeitia ndani ya gari langu dogo la kijani, lile tunaloliita Chura. Nimetengeneza vishikizo vipya vya injini, nimekata ukuta wa mbele, nimejiunguza mara mbili nikichomelea. Miaka saba ilikuwa imekwama, haigeuki hata kwa dua. Nikaiweka mahali pakavu penye joto, nikaisumbua mpaka ikalegea. Na Jumatano, saa tisa alasiri, ikawaka! Nilipiga kelele mbwa akakimbilia chini ya meza.

Furaha yenyewe ilidumu dakika nne. Ikishapata moto, nikitaka kuiwasha tena, stata inapigwa teke kurudi nyuma, kama unasukuma mlango na upande wa pili kuna mtu anausukuma pia. Nikikanyaga mafuta inagonga, kelele za misumari kwenye kopo. Na rejeta inachemka, Mjomba, nje kuna barafu ya kutembea juu yake! Nimeazima taa ya taiming, ile inayoonyesha cheche inapiga wakati gani, kwa Kauko wa gereji, nikamulika puli ya mbele, nikaweka digrii kumi kama kitabu kinavyosema. Alama ya puli na kidole cha chuma kinachoielekeza vinalingana kabisa. Lakini wapi.

Kauko aliniambia, "Hiyo injini ni marehemu, binti. Izikeni tu." Nilimjibu neno ambalo sitaliandika hapa.

Nina haraka, na sababu ni hii. Mbio za chama chetu ni Jumapili ya tarehe 31 Mei, kwenye machimbo ya changarawe. Na Babu amesema hivi, kwenye kahawa, bila kuinua macho: "Ghala nalitaka Juni. Kama hicho kitu hakijatoka kwa nguvu zake kufikia mwisho wa Mei, kinakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, injini na kila kitu." Unamjua Babu. Hasemi mara mbili.

Niambie nifanye nini. Na je, utakuja sikukuu ya Juhannus, ya katikati ya kiangazi, mwaka huu? Mama anauliza. Mimi pia nauliza.

Mpwa wako,
Mirkka

*

Borås, 1 Machi 1987

Mpwa wangu Mirkka,

Nimezipata salamu, mikate na soksi. Mkate mmoja haukufika jioni. Mimi niko salama, karakana ya mabasi bado inanilisha, na Waswidi bado wanakunywa kahawa unayoweza kuona kitako cha kikombe. Mwambie dada yangu namshukuru, na kwamba soksi nimezivaa kazini.

Barua yako nimeisoma ndani ya basi nikacheka peke yangu mpaka mama mmoja akahama kiti. Injini yangu ndani ya Chura! Ile injini niliifunga boliti kwa boliti kwa majira mawili ya baridi, nikijua sauti yake kuliko ninavyojua yangu. Hongera, na nasema hivyo kwa wivu.

Haya, tufanye kazi. Cheche lazima ipige kabla pistoni haijafika juu kabisa, kwa sababu moto nao unahitaji muda wa kukua. Lakini iwahi kidogo tu. Ikiwahi mno, moto unaisukuma pistoni chini na yenyewe bado inapanda. Ndilo hilo teke la stata. Ndiyo hiyo misumari, na ndiyo joto lako. Kwa hiyo ugonjwa tunaujua: cheche yako inawahi. Tusichokijua ni nani anayeiwahisha.

Fungua distributa, ile inayogawa cheche kwa plagi. Ndani, chini ya sahani, kuna vipande viwili vya chuma vyenye springi. Injini ikikimbia vinatawanyika na kuiwahisha cheche, ikitulia vinarudi. Baada ya miaka saba nadhani vimegandia nje. Safisha, tia tone la mafuta. Kisha hakikisha waya za plagi zimefuata mpangilio wake.

Na unieleze jambo moja. Hapo mahali pakavu penye joto ni wapi? Na uliigeuza kwa kifaa gani?

Fundi wako wa mbali,
Taisto

*

Koskenperä, 20 Machi 1987

Mjomba,

Hatujambo. Theluji imeanza kukaa chini, na mama ana mafua lakini hakubali kuyaita mafua. Babu ametengeneza reki tatu mpya na hajamwambia mtu ni za nini.

Ulipatia! Vile vyuma vilikuwa vimeganda kwenye grisi iliyokuwa ngumu kama gundi. Nimevisafisha mpaka vinacheza vyenyewe. Waya za plagi ziko sawa. Nikawasha, na kelele imepungua, lakini haikwisha. Stata bado inapigwa teke, ila sasa teke la ndama.

Sikiliza nilichofanya baadaye. Nililegeza distributa, nikaiweka taa chini, nikafumba macho, nikaizungusha taratibu nikisikiliza tu. Mjomba, kuna mahali ilitulia na kuanza kuimba! Nikazima, nikawasha, ikawaka mara moja, injini ikiwa bado ya moto. Nilirukaruka peke yangu ghalani kama mwehu. Halafu nikaokota taa nikamulika. Alama imevuka kidole, iko upande wa pili kabisa! Kwa taa, cheche yangu inachelewa kuliko injini yoyote Ufini nzima. Kwa sikio, iko pazuri. Nimwamini nani?

Kauko alipita kuchungulia. Safari hii hakutaja marehemu. Alipapasa kifuniko cha injini akasema, "Ikifika kwenye mstari, mimi naiomba." Unaijua kanuni yetu: mbio zikiisha, kila gari linaweza kuombwa kwa bei moja iliyopangwa, na dereva au mfanyakazi yeyote wa mbio anaweza kuliomba. Wakiwa wengi inapigwa kura ya kuokota namba. Ukikataa kuuza, leseni inakwenda. Nimeanza kuota namba za kura.

Injini ilikaa pazuri, usijali.

Swali langu la Juhannus hukulijibu.

Mirkka

*

Borås, 12 Aprili 1987

Mirkka,

Nisamehe kuchelewa, kazi za ziada zimetubana, mabasi ya watu yanaoza chumvi ya barabarani. Natumaini mafua ya dada yangu yamekwisha, yawe yameitwa mafua au la.

Nitakuambia kama fundi kwa fundi. Taa haidanganyi. Sikio la miaka kumi na tisa linadanganya, linapenda sauti tamu. Injini iliyocheleweshwa hulainika sauti, kisha hukosa nguvu. Rudisha digrii kumi kwa alama. Kisha fungua kifuniko cha mbele uhesabu meno ya mkanda unaoendesha kamshafti. Ukiruka jino moja tu, mambo yote yanaharibika.

Kuhusu Kauko, mwache aombe. Anayeogopa kuombwa gari asiende mbioni. Lakini nakiri nilipoisoma sehemu hiyo niliiweka barua chini nikatoka kutembea.

Nimeuliza injini ilikaa wapi. Umenijibu "pazuri". Nilipokuwa na umri wako nami nilikuwa na majibu ya namna hiyo.

Taisto

*

Koskenperä, 29 Aprili 1987

Mjomba,

Salamu utazipata mwisho wa barua kama nitakuwa bado na hamu ya kuziandika.

Nilihesabu meno ya mkanda mara tatu. Yako sawa. Nikarudisha digrii kumi kwa alama, kama ulivyoniamuru, nikamsukuma Chura nje ya ghala, nikazunguka shamba la chini mara mbili. Ilichemka. Iligonga mpaka mama akatoka na kijiko mkononi. Nikafungua plagi, na kwenye kauri yake nyeupe kuna nukta ndogondogo zinazong'aa kama fedha. Najua ni nini. Ni pistoni zako, Mjomba, zimeanza kuyeyuka. Sikio langu lilikuwa linasema kweli, na nililinyamazisha kwa sababu yako!

Nimebakiza mwezi mmoja. Sina tena nafasi ya kuficha, basi soma.

Ilikaa saunani.

Wiki mbili nzima. Niliivuta kwa sleji ya theluji usiku mama akiwa amelala, nikaimwagia dizeli kwenye matundu ya plagi, nikawa nawasha jiko la sauna siku za kazi. Jumamosi, siku yetu ya kuoga mvuke, niliisukuma kwenye chumba cha kuvulia nguo, nikaifunika blanketi na taulo. Babu aliikalia akivaa soksi! Akakaa hapo, akanywa maji, akasema sauna ya leo nzuri.

Nayo niliigeuza kwa spana kubwa ya bomba, niliyoibana kwenye ukingo wa puli, nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Siku ya kwanza ilisogea kidogo, upana wa kidole, ikagoma. Siku ya tatu ikazunguka.

Najua nyumbani kwetu "sauna" na "injini" hayatamkwi kwa pumzi moja. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, Mjomba. Nilishika ndoo. Niliiona sauna aliyoijenga Babu kwa shoka lake ikiungua na injini yako nyingine ndani, na wiki ile ile ukaondoka. Nami nimefanya lile lile, ndani ya sauna mpya. Ndiyo maana nilisema "pazuri".

Kama umekasirika, kasirika, lakini nijibu haraka.

Mirkka

*

Borås, 4 Mei 1987

MIRKKA, USIIWASHE!

Nimeisoma barua nikiwa nimesimama mlangoni, viatu mguuni, na ninaandika juu ya kabati la viatu ili posta ya saa kumi isinipite. Nimeipata! Umeipata wewe, mimi nimesoma tu!

Puli ile si kipande kimoja. Ni viwili: kitovu kilichofungwa kwenye krankshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, na pete ya nje, na katikati yao kuna raba. Raba hiyo ililowa dizeli, ikachemshwa wiki mbili, kisha mtu mmoja mwenye nguvu za ng'ombe akaning'inia kwenye pete ya nje. Ule upana wa kidole wa siku ya kwanza haikuwa injini, mpwa wangu. Ilikuwa raba! Pete ilihama, krankshafti ikabaki palepale. Na alama ya taiming imechorwa kwenye pete.

Kwa hiyo taa ilisema kweli juu ya alama, na alama ikasema uongo juu ya pistoni. Sikio lako peke yake ndilo lililokuwa na akili. Nilikuamuru ulinyamazishe. Nisamehe. Miaka ishirini na mitano nafanya kazi hii, na nikaamini mchoro wa rangi kuliko mtu aliyekuwa amesimama pale.

Ithibitishe hivi. Chukua plagi mbovu, toboa katikati, funga boliti ndefu ndani yake, iwe kizuizi. Ikaze kwenye silinda ya kwanza. Geuza injini kwa mkono, polepole, kwa boliti ya KATIKATI, mpaka pistoni iguse kizuizi. Weka mstari wa chaki kwenye puli mbele ya kidole. Geuza kinyume mpaka iguse tena. Mstari wa pili. Katikati ya mistari miwili ndipo pistoni inapokuwa juu kweli. Pima kutoka hapo hadi kwenye alama ya zamani, uniandikie. Puli hiyo usiitumie tena, pete itaruka ikuue. Tafuta nyingine.

Kuhusu lile jingine. Dada yangu hudhani Baba alinifukuza. Hakunifukuza. Asubuhi yake alichukua koleo akaanza kuondoa majivu, na hakusema neno. Nilimsubiri aseme. Siku nne nilisubiri. Angenipiga ningebaki. Nilipanda meli kwa sababu sikuweza kuliangalia lile koleo, na kila mwaka uliopita umefanya kurudi kuwe kugumu zaidi. Sasa unajua kwa nini silijibu lile swali lako.

Saa kumi kasoro dakika saba. Nakimbia.

Taisto

*

Koskenperä, 13 Mei 1987

Mjomba, Mjomba, Mjomba!

Milimita kumi na sita! Nimepima mara tano! Kwa puli ya sentimita kumi na tano hiyo ni digrii kumi na mbili. Nilipokuwa naweka kumi, cheche ilikuwa inapiga kwenye ishirini na mbili! Si ajabu stata ilikuwa inalia.

Lakini ngoja nikupe lililonipata. Kugeuza injini na kuchora chaki kunataka mikono mitatu, nami nina miwili. Nilikuwa nimelala chini ya Chura natukana, nikaona buti za Babu. Akachutama, akachukua spana kutoka mkononi mwangu, akaiweka kwenye boliti ya katikati.

"Upande gani?" akauliza.

"Kulia. Polepole, Babu."

Akageuza polepole kama anayefungua mlango wa chumba cha mtoto aliyelala. Ikagusa. Nikachora. Akarudisha kushoto. Ikagusa. Nikachora. Alipoona mistari na alama ilipo, akasema, "Imehama."

Nikaona bora nimalize. Nikamwambia, "Babu, kosa ni langu. Niliiweka saunani."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Nimeikalia. Unadhani sijui kiti na injini?" Akajifuta mikono kwenye suruali. "Na wewe unadhani magogo mawili ya mti wa koivu yanakaa na moto kutwa nzima, wewe uko kazini dukani? Nani alikuwa anaongeza kuni?"

Mjomba, ni yeye! Alikuwa anakaa mle ndani peke yake akilinda moto, wiki mbili, na ndoo tatu za maji mlangoni. Nilicheka mpaka nikalia. Kisha nikauliza mbona hakuniambia. Alisema, "Nilishawahi kunyamaza vibaya. Safari hii nilinyamaza vizuri." Akatoka kwenda kutazama reki zake.

Puli nyingine nimeipata kwenye gari bovu Seinäjoki, ngumu, raba yake nzima. Alama na pistoni sasa vinakubaliana. Nilifungua kichwa cha injini pia: pistoni zimeparuka kidogo juu, hakuna tundu. Inawaka kwa mguso mmoja, na kwa taa inasoma kumi, na kwa sikio inaimba pale pale ilipoimba Machi!

Chura ametoka ghalani kwa nguvu zake.

Mirkka

*

Koskenperä, 1 Juni 1987

Mjomba mpendwa,

Wote wazima, mama kakauka sauti kwa kupiga kelele, nami nina changarawe mpaka masikioni.

Duru ya kwanza nilikuwa wa nne. Ya pili, wa kwanza! Madereva wengine walikuja kutazama chini ya kifuniko, nikakifunga. Fainali tulikuwa sita, Kauko kando yangu. Bendera iliposhuka Chura aliruka, na kwenye kona ya dimbwi nilimpita Kauko kwa nje, wote wawili tukienda kiubavuubavu, hata niliona meno yake. Nilimaliza wa pili. Nyuma ya fundi wa Lapua ambaye ameendesha tangu sijaanza shule! Injini yako haikugonga hata mara moja, na joto halikupanda. Haina kasoro yoyote, Mjomba.

Kisha ikaja saa ya kuomba magari. Nilijua itafika. Gari la tatu kutajwa lilikuwa langu. Karani akasoma: waombaji wanne. Kauko. Ndugu wawili wa Kauhava. Na Eevert Mäkiranta, mshika bendera, kona ya tatu.

Nikageuka. Babu amesimama pale, fulana ya rangi ya chungwa juu ya koti la kanisani, bendera ya manjano kwapani. Alijiandikisha na chama Ijumaa bila kumwambia mtu!

Kauko akacheka. "Mzee, wewe utalifanyia nini gari la mbio?"

"Injini ni ya mwanangu na gari ni la mjukuu wangu," Babu akasema. "Wewe ndiye wa kuulizwa."

Wakatia namba kwenye kofia ya chuma. Kauko akavuta kwanza, akaisoma, akaitupa. Ndugu wa Kauhava wakavuta, hola. Babu alivuta ya mwisho, na hakuifungua. Alimpa karani aisome, naye akaiinua juu: namba ya ushindi, Mjomba. Gari ni la Babu!

Tulirudi nyumbani yeye kando yangu, kofia ya kanisani magotini, akilisikiliza gari kilometa kumi na nne zote. Tulipofika alisema hahitaji tena ghala, nyasi zitakaa kwingine. Halafu akaniuliza kama nitakuandikia. Nikasema ndiyo. Akasema nimwachie nafasi chini ya karatasi.

Ninamwachia. Sijawahi kuona barua ya Babu maishani mwangu.

Mpwa wako, wa pili Koskenperä nzima,
Mirkka


Taisto.
Huyu mtoto anasema injini iko sawa. Mimi nasema haiko sawa. Macho yangu hayaoni tena alama, na yeye ana haraka. Inahitaji aliyeifunga aje aisikilize.
Meli ya kutoka huko inafika Vaasa asubuhi. Nitakuwa bandarini kila Ijumaa ya mwezi huu.
Baba